Msimu wa baiskeli 2025: Girmay hakufaulu, na Goma iseme hivyo bila aibu

Msimu wa 2025 wa mbio za baiskeli za barabarani umefungwa. Il Lombardia ilikimbiwa Oktoba kule Italia, wakimbiaji wakubwa wakaenda kupumzika, na sasa imebaki kazi ambayo mashabiki wanaipenda kuliko zote: kuhukumu. Nani alifaulu? Nani aliwaangusha watu wake?

Mjini Goma mabishano hayo hayahitaji studio ya televisheni. Yanatosha watu watatu, simu moja yenye unite, na motari anayesubiri mteja. Wengine wanasema baiskeli, wengine kinga, lakini karibu kila mara mazungumzo yanaishia kwenye jina moja: Biniam Girmay. Mwaka 2024 kijana huyo wa Eritrea alishinda hatua 3 za Tour de France, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua katika mbio hizo, na akarudi nyumbani na fulana ya kijani. Mwaka 2025 hakushinda mbio hata moja.

Wanaompenda wana majibu tayari. Alikosa bahati. Timu yake haikuwa na pesa. Wakubwa walimfungia njia. Majibu hayo yanatoka moyoni, lakini yanamshusha Girmay badala ya kumwinua. Bingwa anahukumiwa kama bingwa. Kumwondolea hukumu kwa sababu ni mtoto wa Afrika ni kumtoa kwenye safu ya wakubwa na kumrudisha kwenye safu ya wageni waalikwa.

Kipimo cha chukudu

Kabla ya kutoa pointi, inabidi kukubaliana juu ya kipimo. Goma inacho tayari, na hata imekijengea sanamu kwenye rond-point. Kijana wa chukudu anayeshuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi hulipwa kwa mzigo uliofika sokoni. Hakuna anayemlipa kwa jasho. Lakini mwenye haki anauliza pia njia ilikuwaje siku hiyo, kama ilikuwa mvua au vumbi, na kijana mwenyewe alikuwa ameahidi kuleta magunia mangapi.

Maswali hayo matatu yanatosha kwa mbio za Ulaya pia. Kwanza, mkimbiaji alifikisha nini? Pili, alipita njia gani: alianguka, aliugua, alikuwa na timu ya kumsaidia? Tatu, alianza mwaka akiwa nani, na ni kitu gani kilitarajiwa kutoka kwake? Kwa swali hili la tatu, nafasi ya pili inaweza kuwa sherehe kwa mmoja na msiba kwa mwingine.

Kosa la mabishano mengi ni kutumia swali la kwanza kwa Wazungu na swali la pili kwa Waafrika. Mzungu anahesabiwa ushindi, Mwafrika anahesabiwa matatizo. Mizani inapaswa kuwa moja.

Waliofikisha mzigo

Tadej Pogačar wa Slovenia hahitaji wakili. Alishinda Strade Bianche hata baada ya kuanguka njiani. Akashinda Tour of Flanders, Flèche Wallonne na Liège–Bastogne–Liège. Akachukua Critérium du Dauphiné, kisha Tour de France yake ya 4, akiwa na ushindi wa hatua 4 ndani yake. Septemba alikuwa bingwa wa dunia Kigali, mwanzoni mwa Oktoba bingwa wa Ulaya, na siku chache baadaye akashinda Il Lombardia kwa mwaka wa tano mfululizo. Jumla ni ushindi 20 katika mwaka mmoja.

Kwa swali la pili, ni kweli kwamba njia yake ilitengenezwa vizuri. Timu yake ya UAE, inayobeba jina la Falme za Kiarabu, ilishinda zaidi ya mbio 90 mwaka huu na kuvunja rekodi ya 85 iliyowekwa na timu ya Columbia-HTC mwaka 2009. Pesa inanunua wasaidizi wazuri. Lakini Kigali hakukimbia kwa ajili ya UAE, alikimbia kwa ajili ya Slovenia, na bado alibaki peke yake mbele kwa kilomita 66 za mwisho.

Kwa nini basi asipate 10? Kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeweka ahadi. Kati ya mbio 5 kongwe ambazo watu wa baiskeli wanaziita makumbusho, mbili zilimkimbia mwaka 2025: Milan–San Remo, ambako alimaliza wa 3, na Paris–Roubaix, ambako alianguka kwenye kona akiwa mbele pamoja na Mathieu van der Poel na kumaliza wa 2. Anapata 9 na nusu. Hiyo nusu anaidai mwenyewe.

Pointi 10 kamili ni za mwanamke wa Ufaransa, Pauline Ferrand-Prévot. Mwaka 2024 alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Paris kwa baiskeli za milimani. Kisha akaacha milima, akarudi barabarani katika timu ya Visma–Lease a Bike, na kutangaza kwamba anataka kushinda Tour de France ya wanawake ndani ya miaka 3. Wengi waliona ni maneno makubwa kwa mtu aliyekuwa amekaa mbali na barabara kwa miaka. Aprili alishinda Paris–Roubaix. Agosti, katika mwaka wa kwanza kati ya ile 3 aliyojipa, alishinda hatua 2 za mwisho milimani na kuivaa fulana ya njano mpaka mwisho. Mtu akiahidi magunia 3 na kuleta yote kwa safari ya kwanza, hakuna cha kumkata.

Wa tatu katika safu hii ni Simon Yates wa Uingereza, na mwaka wake ni hadithi ya siku moja. Mwaka 2018 aliongoza Giro d'Italia kwa fulana ya waridi, siku zikiwa zimebaki chache tu. Kwenye mlima wa Colle delle Finestre miguu ikakataa, akapoteza kila kitu mbele ya Chris Froome. Mei 31 mwaka 2025 Giro ilirudi kwenye mlima uleule, siku moja kabla ya mwisho. Fulana ya waridi ilikuwa mgongoni mwa Isaac del Toro, kijana wa miaka 21 kutoka Mexico. Yates aliondoka. Del Toro na Richard Carapaz wa Ecuador walitazamana, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze kufukuza, na hakuna aliyeanza. Upande wa pili wa mlima Wout van Aert, aliyekuwa ametangulia, alikuwa akimngoja Yates ili amvute bondeni. Jioni Yates alikuwa ameshinda Giro kwa karibu dakika 4. Anapata 9. Del Toro anapata 8: alipoteza mbio alizokuwa amezishika mkononi, lakini hakuna aliyekuwa amemtarajia azishike.

Van der Poel wa Uholanzi anapata 8 pia. San Remo ilikuwa yake, Roubaix ilikuwa yake kwa mwaka wa tatu mfululizo, na kwenye Tour alishinda hatua ya 2 na kuvaa njano kabla ya homa ya mapafu kumtoa.

Waliobaki katikati ya njia

Jonas Vingegaard wa Denmark na Remco Evenepoel wa Ubelgiji ndio wagumu kuhukumiwa, kwa sababu kila mmoja ana upande unaong'aa na upande wa giza.

Vingegaard alianguka Machi kwenye Paris–Nice na kuumia kichwa. Kwenye Tour alimaliza wa 2, dakika 4 na sekunde 24 nyuma ya Pogačar. Mara chache alionekana kuamini kwamba anaweza kushinda. Septemba alishinda Vuelta a España, na hiyo si zawadi ndogo. Lakini wiki tatu baadaye, kwenye ubingwa wa Ulaya, aliachwa mapema mno, mbio zikiwa hata hazijapata moto. Anapata 7.

Evenepoel alianza mwaka akiwa na mifupa iliyovunjika. Desemba 2024 alikuwa mazoezini alipogonga mlango wa gari la posta uliofunguliwa ghafla. Alirudi Aprili na kushinda Brabantse Pijl siku ileile ya kurudi. Kwenye Tour alishinda mbio dhidi ya saa mjini Caen, kisha akashuka kwenye baiskeli kwenye mlima wa Tourmalet na kuingia garini. Kigali alirudi kuwa yeye. Katika mbio dhidi ya saa, ambapo kila mkimbiaji huondoka peke yake, Pogačar alitangulia kuondoka kwa dakika 2 na nusu. Evenepoel alimfikia na kumpita mbele ya macho ya dunia. Ilikuwa dhahabu yake ya 3 mfululizo katika mbio hizo. Siku saba baadaye akawa wa 2 katika mbio za barabarani, kisha wa 2 Ulaya, kisha wa 2 Lombardia, kila mara nyuma ya mtu yuleyule. Kwa njia aliyopita anastahili heshima, kwa mzigo uliofika anapata 7.

Van Aert anapata 6. Aprili 2, kwenye Dwars door Vlaanderen, walibaki wanne mbele: yeye, wenzake wawili wa timu moja, na Mmarekani Neilson Powless. Watatu dhidi ya mmoja, na mmoja akashinda. Magazeti ya Ubelgiji hayakumhurumia, na Van Aert mwenyewe alikubali lawama. Baadaye alilipa sehemu ya deni: alishinda hatua ya Siena kwenye Giro, alimsaidia Yates, na siku ya mwisho ya Tour, kwenye mpando wa Montmartre mjini Paris, alimwacha Pogačar kwa miguu na si kwa bahati.

Primož Roglič wa Slovenia anapata 5. Alishinda Volta a Catalunya, lakini Giro, ambayo ndiyo ilikuwa shabaha, aliiacha njiani baada ya kuanguka mara kadhaa. Kwenye Tour alimaliza wa 8. Kwa mtu mwingine nafasi ya 8 Ufaransa ni mwaka wa kukumbukwa. Kwa mtu aliyeshinda Vuelta 4 na Giro moja, ni jioni inayoanza kuingia.

Hakuna msomaji aliyeshtuka mpaka hapa. Van Aert kupewa 6 na Roglič kupewa 5 ni mambo ya kawaida, mtu anaweza kubisha kidogo na kuendelea. Ndipo inapokuja zamu ya Girmay.

Girmay: 4 kwa 10

Mzigo uliofika: sifuri. Julai 5, siku ya kwanza ya Tour mjini Lille, alifika wa 2 nyuma ya Jasper Philipsen wa Ubelgiji, na huo ukawa karibu kilele cha mwaka wake. Hakuna hatua ya Tour, hakuna mbio ya siku moja, hakuna fulana.

Njia aliyopita: haikuwa rahisi, na ni haki kulisema. Timu yake ya Intermarché–Wanty ilikuwa miongoni mwa ndogo katika daraja la kwanza. Shida za pesa ziliisukuma mpaka ikakubali kuungana na Lotto, timu nyingine ya Ubelgiji. Mkimbiaji asiyejua timu yake itakuwa na jina gani mwaka ujao hana kichwa chepesi.

Kigali nayo haipaswi kuhesabiwa dhidi yake. Ni kweli kwamba mashabiki wengi wa kanda hii walimngoja kwenye mashindano hayo ya dunia, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Lakini njia ilikuwa ya kilomita 267 na nusu, yenye mipando ya jumla ya mita 5,475, kwenye mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,500, sawa na Goma. Waliondoka wakimbiaji 165, wakamaliza 30 tu. Hiyo ni njia ya wapanda milima. Girmay ni mtu wa sprinti na wa vilima vifupi. Kumlaumu kwa Kigali ni kumlaumu mvuvi wa Ziwa Kivu kwa sababu hakuleta nyama ya ng'ombe.

Lakini swali la tatu ndilo linalomkata. Alianza mwaka 2025 akiwa nani? Alianza akiwa mwenye fulana ya kijani. Alianza akiwa mshindi wa Gent–Wevelgem ya 2022 na wa hatua ya Giro mwaka huohuo, ile ambayo kizibo cha mvinyo kilimrukia jichoni jukwaani. Na Tour ya 2025 ilimfungulia mlango mkubwa: Philipsen, mmoja wa wapinzani wake wakubwa, alianguka siku ya 3 na kuondoka na mfupa wa bega uliovunjika. Nafasi hiyo waliitumia wengine. Tim Merlier alichukua hatua 2. Jonathan Milan wa Italia alichukua hatua 2 na fulana ya kijani yenyewe. Girmay alikuwa palepale, na magurudumu yake hayakufika mbele.

Kwa hiyo ni 4. Wanaosema ni ukatili wajiulize jambo moja: mkimbiaji gani mwingine mwenye fulana ya kijani angemaliza mwaka bila ushindi na kuambiwa "amejitahidi"? Mtu huambiwa amejitahidi pale ambapo hakuna aliyemtarajia kushinda. Girmay alikwisha kuvuka hapo. Alivuka Turin, Julai 2024, na hakuna mwenye haki ya kumrudisha nyuma kwa huruma.

Watu wa Goma wanalijua neno "pole" kuliko wengi. Walilipokea baada ya Nyiragongo kumwaga moto mwaka 2002, wakalipokea tena mwaka 2021, na tena baada ya Januari 2025. Ni neno zuri, lakini wanaolipokea kila mwaka wanajua kwamba mara nyingi anayelitoa ameshaacha kutarajia kitu kutoka kwako. Girmay asipewe pole. Apewe deni.

Aliyesahaulika ni wa Mauritius

Kuna ubaya mwingine wa kutumia mwaka mzima kumtafutia Girmay visingizio: macho yanakosa kuona penye ushindi. Afrika haikuwa na mwaka mtupu. Ilikuwa na Kim Le Court-Pienaar.

Aprili 27, mwanamke huyo wa Mauritius alifika Liège na wenzake watatu na kuwashinda katika mita za mwisho. Kati ya walioachwa walikuwa Puck Pieterse na Demi Vollering, majina ambayo kila shabiki wa mbio za wanawake anayajua. Liège–Bastogne–Liège ni moja ya yale makumbusho 5 ambayo Pogačar anayatafuta kwa hesabu, na hakukuwa na mwanamke wa Afrika aliyewahi kushinda hata moja. Miezi mitatu baadaye, kwenye Tour de France ya wanawake, alivaa fulana ya njano, wa kwanza kutoka Afrika kufanya hivyo katika mbio hizo, na akashinda hatua ya 5 mjini Guéret.

Njia yake pia ina uzito. Aliwahi kujaribu Ulaya akiwa msichana, haikufaulu, akarudi kusini mwa Afrika na kukimbia kwa baiskeli za milimani. Alipata timu kubwa ya barabarani mwaka 2024, akiwa na miaka 28, umri ambao wengi wanaambiwa wamechelewa. Mzigo uliofika ni mkubwa, njia ilikuwa ndefu, na hakuna aliyeutarajia. Ni 9 kwa 10, na ndio mwaka bora wa mkimbiaji wa Afrika kwa 2025.

Kwa nini basi jina lake halisikiki mtaani? Sababu moja ni kwamba mbio za wanawake hazifuatwi sana. Sababu ya pili wengi huisema kwa sauti ya chini: ngozi yake ni nyeupe, kwa hiyo si "wetu". Hoja hiyo haisimami. Mauritius ni nchi ya Afrika, mwanachama wa SADC kama Kongo, na bendera inayopandishwa akishinda ni ya kisiwa hicho. Ni kweli kwamba ushindi wa Girmay unagusa kidonda ambacho ushindi wa Le Court haukigusi, na mtoto mweusi wa Asmara au wa Goma anajiona zaidi kwa Girmay. Hilo ni jambo la moyo na lina haki yake. Lakini anayetoa pointi kwa ngozi asilalamike siku wengine watakapotoa pointi kwa ngozi.

Mbio zilizopita mlangoni

Hukumu ya msimu huu haiwezi kutolewa Goma bila kusema jambo ambalo haliko kwenye jedwali la matokeo.

Mwishoni mwa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa AFC/M23. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza kwamba jeshi la Rwanda linaliunga mkono kundi hilo, jambo ambalo Kigali inalikanusha. Mwezi mmoja haukuisha, Tour du Rwanda ikapita Rubavu, mji unaopakana na Goma kiasi kwamba mtu anatoka mmoja na kuingia mwingine kwa miguu. Timu ya Ubelgiji ya Soudal Quick-Step ilijiondoa kwa sababu ya usalama. Zilizobaki zilikimbia, na Mfaransa Fabien Doubey akashinda. Februari hiyohiyo Bunge la Ulaya lilitaka mashindano ya dunia ya Kigali yafutwe ikiwa Rwanda haitabadili msimamo. Shirikisho la baiskeli duniani, UCI, lilishikilia kalenda yake.

Kisha ikaja Septemba. Tarehe 14 hatua ya mwisho ya Vuelta ilivunjika mjini Madrid, kwa sababu maelfu ya watu waliokuwa wakipinga vita vya Gaza na kuwepo kwa timu ya Israel–Premier Tech waliziba barabara. Vingegaard alipewa kombe lake jioni kwenye maegesho ya hoteli. Wiki moja baadaye, tarehe 21, Kigali ilifungua mashindano ya dunia bila tatizo.

Wapo Goma waliosema hawatatazama hata dakika moja. Wapo waliotazama kila siku, kwa sababu ni mara ya kwanza mabingwa hao wanakimbia karibu hivi. Pande zote mbili zina haki, na hakuna unaopaswa kuitwa msaliti. Lakini hukumu mbili zisichanganywe. Mkimbiaji hachagui mji wa mashindano. Ushindi wa Pogačar juu ya Mont Kigali ni halali kama ule wa Liège, na dhahabu ya Magdeleine Vallieres wa Canada, ambaye karibu hakuna aliyemtaja kabla ya mbio za wanawake, ni moja ya mambo mazuri ya mwaka.

Wanaochagua mji ni viongozi wa mchezo, na kwao swali ni tofauti. Madrid iliweza kusikika kwa sababu ilikuwa na barabara ya mbio ya kuziba. Goma haikuwa nayo. Mchezo unaosikia tu walio kando ya njia yake hautakiwi kujisifu kwamba umefika Afrika. Umefika Kigali. Afrika ni pana zaidi, na sehemu yake moja ilikuwa ng'ambo ya mpaka, ikihesabu wafu wake.

Deni la 2026

Msimu mpya unaanza mapema kuliko watu wanavyofikiri. Mwishoni mwa Februari mbio za kwanza za Ubelgiji zitakuwa zimerudi, na hukumu ya mwaka huu itaanza kufutwa. Girmay atakuwa katika timu ya NSN, ileile iliyokuwa ikiitwa Israel–Premier Tech kabla ya kubadili jina baada ya yaliyotokea Hispania. Alimaliza mwaka 2025 akiwa na miaka 25 tu. Kumdai ushindi mmoja mkubwa mwaka 2026, hatua ya Tour au mbio ya siku moja ya Machi na Aprili, si kumwonea. Ni kumkumbusha alikokwisha kufika.

Kuna sababu nyingine ya Goma kujifunza kuhukumu kwa mizani moja. Kongo haina mkimbiaji hata mmoja katika timu za daraja la kwanza. Hiyo ndiyo sababu mji huu unaazima mashujaa: leo wa Eritrea, kesho labda wa Mauritius. Vijana wenye mapafu ya mlimani na miguu iliyozoea chukudu hawakosekani. Kinachokosekana ni barabara iliyo salama, baiskeli, timu, na mbio za kuwapima.

Siku moja huenda mtoto wa Goma akafika huko. Atakuwa na mwaka mzuri, kisha atakuwa na mwaka mbaya, kama wote. Gazeti fulani la Ulaya litampa 4 kwa 10 na kueleza kwa nini, bila huruma. Siku hiyo watu wa hapa watakasirika, na watakuwa na haki ya kukasirika. Lakini wajue pia maana yake: hakuna anayempa 4 mtu ambaye hakumtarajia kufika 10.